Nalala na njaa, naamka na sukari 12: jibu kwa dada wa Wete

Swali: "Assalamu alaikum daktari. Mimi ni mama wa miaka 54, nakaa Wete, Pemba. Nina kisukari, mwaka wa sita huu. Nameza metfomini ya miligramu 500, asubuhi moja na usiku moja. Mwanangu aliyeko Unguja kaninunulia mashine ya kupimia, na tangu nianze kupima sina raha. Sukari kwenye chai nimeacha, soda sigusi, halua naitazama tu. Usiku nakunywa uji na kipande cha mkate, basi. Asubuhi nakuta 11, mara 12. Juzi nikaamua nilale bila kula kitu, asubuhi nikakuta 12.4. Wallahi nililia. Klinik wameanza kunitajia sindano, na jirani yangu ananiambia ukishaanza sindano ndiyo mwisho wako. Ramadhani nayo inakaribia. Nifanyeje?"

Waalaykumu salaam, dada yangu.

Nianze na hiyo 12.4 iliyokuliza. Usiku ule hukufanya kosa lolote. Sukari ya asubuhi haitoki kwenye sahani peke yake. Mwili una ghala, na ghala lenyewe ni ini. Ukila, ini huweka akiba. Ukikaa na njaa, ini hufungua ghala na kutoa sukari kidogo kidogo ili ubongo na moyo viendelee kufanya kazi ukiwa umelala. Alfajiri ikikaribia, kuanzia kama saa 9 usiku, mwili huanza kumwaga homoni za kukuamsha, kotisoli ikiwa mojawapo, na homoni hizo huliamrisha ini litoe zaidi. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho huongeza insulini kidogo, ini likazuiwa, na akiamka sukari yake iko 5. Kwako wewe insulini ni pungufu, na hiyo iliyopo mwili hauisikii vizuri. Basi ini linamwaga tu. Halijui kwamba umeacha sukari kwenye chai.

Kwa hiyo tafadhali acha kulala na njaa. Hulizuii ini kwa njaa, na siku utakapoongezewa dawa zinazosukuma kongosho, njaa ya usiku itageuka hatari kweli. Nimewaona wengi wanaojinyima siku tatu kabla ya kliniki ili nambari ipendeze mbele ya nesi. Hili huniuma, kwa sababu mtu yule anaondoka na dawa zisizomtosha, na miezi mitatu mingine sukari inaendelea kumharibu macho na figo kimyakimya.

Sasa, kabla hatujailaumu nambari, tuhakikishe ni ya kweli. Uliosha mikono kwa sabuni na maji, ukaikausha, ndipo ukajidunga? Hiki ni kitu kidogo lakini sikidharau. Mama mmoja alinijia na daftari lake, kila siku 8 au 9, halafu ghafla 19. Tukaulizana taratibu mpaka ikabainika kwamba asubuhi ile alikuwa akimmenyea mjukuu embe. Utomvu wa embe uliobaki kidoleni ndio uliopimwa. Tende nayo ni hivyo hivyo, na utaikumbuka mwezi wa Ramadhani. Spiriti peke yake haitoi sukari kidoleni vizuri. Maji na sabuni ndiyo dawa. Na stripu zako unaziweka wapi? Pwani yetu ina unyevu. Stripu ikikaa kopo wazi, au ikaachwa dirishani ikapigwa jua, inaharibika na kutoa nambari za ovyo. Zikae ndani ya kopo lake lenyewe, kifuniko kimebanwa, sehemu kavu yenye kivuli, na utazame tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Nambari ninazozitaja hapa ni za milimoli, kama mashine nyingi za kwetu. Akija mtu na mashine inayoonyesha 200 na kitu, agawe kwa 18.

Tuchukulie ni 12 ya kweli. Basi nataka uache kupima asubuhi peke yake. Nambari moja ya asubuhi ni kama kumkuta mtoto analia mlangoni: unajua kuna jambo, hujui nani kampiga. Pima kwa jozi. Stripu ni ghali, najua, ndiyo maana sikwambii upime mara saba kwa siku. Chagua siku tatu tu ndani ya wiki moja. Siku ya kwanza pima kabla ya chakula cha usiku, na tena saa mbili baada ya tonge la kwanza. Siku ya pili pima unapokwenda kulala, na tena unapoamka. Siku ya tatu rudia hiyo ya kulala na kuamka, lakini usiku wake ule tofauti. Nambari sita. Ziandike kwenye daftari la skuli la mjukuu, na pembeni andika ulikula nini, kiasi gani.

Nambari hizo zitakueleza hivi. Ukienda kulala ukiwa 12 ukaamka 12, ini lako halina kesi kubwa. Chakula cha usiku ndicho kilichokupandisha na hukushuka. Ukienda kulala ukiwa 7 au 8 ukaamka 12, hapo ni ini, na kupunguza chakula zaidi hakutasaidia, dawa ndiyo itazamwe. Na kama kabla ya kula ulikuwa 8, baada ya saa mbili ukawa 15, basi tumempata mwenye makosa sahanini. Kwa watu wengi wenye kisukari cha aina yako, yaani aina ya pili, tunalenga 4 mpaka 7 kabla ya kula na chini ya 10 saa mbili baada ya kula. Kwa mzee sana, au mwenye maradhi mengine mazito, daktari hulegeza.

Nina wasiwasi na uji wako. Nisikilize vizuri hapa, maana ndipo watu wengi wa visiwani wanapoteleza, tena watu wenye nia njema kabisa. Tumefundishwa neno "sukari" tukadhani adui ni ile nyeupe ya mfukoni. Lakini unga wa sembe, mkate, wali, muhogo, ndizi mbichi, shelisheli, viazi vikuu, vyote ni wanga, na wanga ukishameng'enywa unakuwa sukari ile ile. Kikombe cha wali mweupe uliopikwa kina wanga takribani gramu 45. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Hesabu mwenyewe: kikombe kile ni kama vijiko 10 au 11. Na nani kwetu anakula kikombe kimoja cha wali? Uji ndio unaopanda haraka zaidi, kwa sababu umeshasagwa, umeshapikwa ukalainika, hautafunwi, unashuka kama maji. Ukiuweka na kipande cha mkate, umekula wanga juu ya wanga, bila samaki, bila mboga. Umejinyima utamu wote wa dunia na bado sukari inapanda. Ndiyo maana nakwambia pole, kwa sababu ulikuwa unajitahidi mahali pasipokuwa na vita.

Sikwambii uache wali. Anayemwambia Mpemba aache wali na muhogo anamwambia aondoke kisiwani. Nakuomba upange sahani upya. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, mtoriro, kisamvu, bamia, bilingani, kachumbari. Robo iwe samaki, au pweza, au dagaa, au kunde na choroko. Robo iliyobaki ndiyo ya wali au muhogo, kiasi cha ngumi yako ukiikunja. Halafu anza na samaki na mboga, wali uje mwisho. Yapo majaribio yaliyofanywa kwa watu wenye kisukari yakaonyesha kwamba chakula kile kile, kwa kiasi kile kile, hakipandishi sukari sana kama mboga na kitoweo vimetangulia na wanga ukafuata. Hili halikugharimu hata shilingi. Tui la nazi lenyewe halipandishi sukari kwa kasi, lakini lina mafuta mengi na linaongeza uzito, kwa hivyo lipike jepesi, au siku moja kisamvu cha nazi na siku ya pili chukuchuku.

Vinywaji nitavipitia haraka. Juisi ya miwa haipishani na soda, ingawa imekamuliwa mbele ya macho yako. Juisi ya embe au ya pasheni iliyotiwa sukari, vivyo hivyo. Dafu ni afadhali ila nalo lina sukari yake, kwa hivyo moja kwa siku nyingine, si matatu kwa kiu. Tunda lenyewe lile kwa meno yako: kipande cha embe, kipapai kidogo, chungwa moja. Usilikamue.

Lililo gumu kuliko chakula cha nyumbani ni chakula cha watu. Huwezi kwenda harusini ukakataa biriani, wala huwezi kuingia nyumba ya mtu siku ya Idi ukasukuma sahani ya visheti, mwenye nyumba akavunjika moyo. Nimekaa na wagonjwa wakanieleza kuwa wanaona aibu kusema wana kisukari kwa sababu wataonekana wamekwisha. Mimi ninachowashauri ni kula kidogo nyumbani kabla ya kwenda, mboga na samaki, ili usifike na njaa. Ukifika kaa na mtu anayekuelewa mle sinia moja, yeye ale upande wa wali na wewe uelekee kwenye nyama na kachumbari. Halua ukaimega kipande kama ukucha wa dole gumba, ukakishikilia kinywani pamoja na kahawa chungu. Hapo umekula kwa watu na hakuna aliyekukasirikia. Ukirudi nyumbani pima, kwa sababu utataka kujua ile siku ilikufanya nini, na ukikuta 14 usijipige kifua. Kesho ipo.

Baada ya chakula cha usiku, tembea dakika 15. Misuli ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa haba, na wakati mzuri ni pale chakula kinapoanza kuingia damuni, si alfajiri ya siku ya pili. Najua mwanamke wa Wete hawezi kujizungukia barabarani usiku kama apendavyo. Zunguka uani. Fagia. Osha vyombo kwa kusimama, pandisha na kushusha ngazi kama nyumba yenu ina ngazi. Kama miguu ina ganzi, vaa viatu vilivyofunika vidole, maana mguu wenye ganzi unaweza kukanyaga msumari usijue. Na kila usiku, kabla ya kulala, tazama nyayo na kati ya vidole. Kama hukunji mgongo vizuri mpe mjukuu tochi. Kidonda kidogo kikionekana, hata kama hakiumi, kisingoje wiki. Hakiumi kwa sababu mishipa ya fahamu imechoka, na vidonda ndugu vingi nilivyoviona vikifikia kukatwa mguu vilianza na lengelenge la kiatu kipya.

Sasa dawa. Metfomini kazi yake kubwa ni hiyo hiyo tunayoizungumza: kulizuia ini lisimwage sukari ovyo. Wewe unameza miligramu 1,000 kwa siku. Watu wengi wazima wenye figo nzima hupandishwa taratibu hadi 2,000. Kwa hivyo kabla hujafika kwenye hofu ya sindano, kuna nafasi hapo, na ni swali la haki kabisa kumuuliza daktari wako: "Figo zangu zikoje, na metfomini yangu inaweza kuongezwa?" Usiiongeze mwenyewe. Figo zikiwa dhaifu dozi hupunguzwa au dawa huachwa, na figo hazijulikani kwa kumtazama mtu, zinapimwa kwa damu. Imeze pamoja na chakula au mara baada yake ili tumbo lisichafuke. Ukiitumia miaka mingi, uliza pia kuhusu vitamini B12, kwa sababu dawa hii inaweza kuishusha, na upungufu wake nao huleta ganzi miguuni tukadhani ni kisukari peke yake.

Waombe pia kipimo cha HbA1c kama kinapatikana hapo, au wakuelekeze kinapofanywa. Chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120, na sukari hugandana nazo polepole, kwa hivyo kipimo hicho kinasimulia miezi miwili au mitatu iliyopita, hata kama jana ulijinyima. Wengi tunawalenga chini ya asilimia 7. Kama una selimundu au upungufu mkubwa wa damu, mwambie daktari, kwa sababu hapo HbA1c inaweza kudanganya, na daftari lako la jozi ndilo litakaloaminiwa zaidi.

Kuhusu jirani yako. Simlaumu, amesema alichokiona. Amewaona watu wakianza sindano na baada ya mwaka wakafariki. Lakini watazame watu wale walianza lini. Walianza wakiwa tayari figo zimechoka, mguu umeoza, macho yamefifia, kwa sababu waliikimbia sindano miaka kumi. Sindano ikafika mwisho, ikasingiziwa kuwa ndiyo iliyoleta mwisho.

Kongosho katika kisukari cha aina ya pili huchoka kidogo kidogo, kwa mtu anayefuata masharti na kwa asiyefuata, ingawa kwa kasi tofauti. Huko Uingereza walifanya uchunguzi mkubwa, UKPDS, ulioanza 1977 na matokeo yake makuu yakatolewa 1998. Waliwafuatilia wagonjwa wapya zaidi ya 5,000. Ilipofika mwaka wa 9, karibu robo yao tu ndio waliokuwa bado wanaidhibiti sukari kwa dawa moja peke yake. Waliobaki walihitaji nyongeza. Hao hawakuwa wavivu wala walafi. Ndivyo maradhi yanavyokwenda. Na uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba waliodhibitiwa vizuri walipunguza madhara ya mishipa midogo, yaani ya macho na figo, kwa asilimia 25. Wewe uko mwaka wa sita. Kuhitaji nyongeza sasa si hukumu ya tabia zako.

Na hiyo insulini unayotajiwa si kitu kigeni, ni kile kile ambacho kongosho lako lilikuwa likikitoa tangu ukiwa tumboni kwa mama yako. Mgonjwa wa kwanza kuchomwa alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, huko Toronto, Kanada, Januari 1922. Alikuwa amebaki mifupa na ngozi, anangojewa afe. Akaishi miaka 13 zaidi. Kwa mtu wa hali yako, mara nyingi huanzwa sindano moja tu ya usiku, dozi ndogo, ya aina inayofanya kazi polepole, na kazi yake ni kulituliza ini wakati umelala. Yaani inakwenda pale pale panapokuliza. Sindano yenyewe ni nyembamba na fupi, huchomwa kwenye mafuta ya tumbo au paja, na wengi huniambia kidole cha kupimia kinauma zaidi.

Umeme ukikatika watu huuliza insulini wataiweka wapi. Ambayo haijafunguliwa inataka friji, kati ya nyuzi 2 na 8, wala isigande. Ikishaganda itupe hata kama imeyeyuka. Unayoitumia inaweza kukaa nje kama wiki nne, ilimradi joto lisizidi nyuzi 30 au hivyo, na kwetu mwezi wa pili joto linazidi. Bibi zetu walikuwa na jibu: mtungi. Weka mtungi wa udongo kivulini penye upepo, udongo wake ubaki na unyevu, insulini iwe ndani ya kichupa au mfuko uliofungwa isilowe. Maji yanayokauka kwenye udongo hupunguza joto la ndani kwa nyuzi kadhaa. Usiiache juu ya kabati la bati wala ndani ya gari.

Ukiongezewa sindano, au vidonge vinavyosukuma kongosho kama glibenklamaidi, jambo moja linabadilika katika maisha yako: sasa sukari inaweza kushuka. Metfomini peke yake ni nadra sana kufanya hivyo. Jasho la baridi, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, hasira isiyo na sababu, kuona giza. Pima, na ikiwa chini ya 4, au huna mashine karibu, koroga vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Ngoja dakika 15, pima tena, rudia kama bado, kisha kula. Hapo sukari ni dawa, usione haya. Msimu wa karafuu hili likumbuke zaidi. Mtu anatoka alfajiri, anachuma mpaka jua kali, anachambua jioni nzima, chakula cha mchana kinapitiwa. Kazi ile inavuta sukari kama sifongo. Funga sukari kwenye pindo la kanga, na wenzako shambani wajue una nini.

Uwatu na habbasoda najua unavyo ndani, hukuvitaja tu. Sivikatai. Uwatu una nyuzinyuzi na unaweza kuteremsha sukari kidogo. Ninachokataa ni mambo mawili: kuacha dawa kwa ajili yake, na kumficha daktari. Ukiuongeza uwatu juu ya glibenklamaidi, sukari inaweza kushuka kuliko ulivyotarajia. Shubiri huendesha tumbo na kukukausha maji. Kitu chochote cha unga unachouziwa kwenye chupa isiyo na maandishi, kwa ahadi ya kuponya kisukari kabisa, kiache hapo hapo.

Siku ukikuta nambari imeruka, 15 au 18, na umeshaosha mikono ukarudia, usimeze dozi mbili. Kunywa maji. Kisha jiulize mwili unapigana na nini. Homa, jino, mkojo unaochoma, jipu, kidonda, vyote hupandisha sukari hata usipokula kitu. Vidonge vya steroidi kama predinisoloni na deksamethasoni pia, na watu hupewa madukani kwa maumivu ya viungo bila kuulizwa kama wana kisukari. Uliza kila unapopewa dawa. Ukitapika ukashindwa kubakisha maji, ukipumua kwa kina na haraka, tumbo likiuma, pumzi ikinuka kama tunda lililoiva sana, ukiwa na usingizi usio wa kawaida au maneno yakichanganyika, au mashine ikiandika HI (yaani juu mno) badala ya nambari, hapo usingoje asubuhi. Hospitali ya Wete iko karibu yako. Aliye Chake Chake anayo yake, na aliye kusini aende Abdalla Mzee, Mkoani. Watu wa nyumbani wazijue dalili hizi, kwa sababu ukichanganyikiwa wewe ndiwe utakayekataa kwenda.

Ramadhani. Nenda kliniki wiki 6 mpaka 8 kabla, usiende mkesha wake. Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa katika Surat al-Baqara, na kuitumia ruhusa yake si upungufu wa imani. Lakini wengi wa hali yako, wenye metfomini peke yake na bila madhara ya figo au moyo, huweza kufunga wakipangiwa vizuri. 12 kila asubuhi ishushwe kwanza. Kupima kidoleni hakufunguzi saumu, ndivyo wanavyoeleza wanazuoni wengi, muulize na sheikhe wako ili moyo utulie. Ikishuka chini ya 3.9 wakati wowote wa mchana, fungua. Ikipita 16.6, fungua. Ukiumwa, fungua. Hata kama imebaki robo saa kuadhini.

Daku ichelewe kadiri inavyoruhusiwa, iwe na kunde au samaki na mboga, si chai na maandazi. Futari ndiyo mtihani: tende, uji, muhogo wa nazi, tambi za sukari, kaimati, vyote kwenye jamvi moja. Fungulia tende moja na maji, uswali, kisha sahani yako ile ya nusu mboga, na katika vile vya wanga uchague kimoja usiku huo. Tarawehe inahesabika kama matembezi, na ni mazoezi mazuri.

Usiku wa leo, basi, badala ya uji, choma kibua au upike dagaa, weka mchicha mwingi na muhogo kiasi cha ngumi. Anza na samaki. Zunguka uani dakika 15. Pima kabla, pima saa mbili baada. Kesho kutwa endelea na jozi ya pili. Zikitimia sita, daftari liende nawe kliniki, na mimi niandikie nambari hizo pamoja na ulichokula, pamoja na majibu ya figo. Nikiziona ndipo nitakwambia kwa uhakika kama aliyekuliza ni ini au ni bakuli la uji.